Mstari Wako Unakutana na Kijito Mara Mbili

Mama,

Mpima ardhi wa halmashauri alisema Jumatatu asubuhi, akiwa amesimama katikati ya shamba lako na buti zimejaa tope, kwamba mstari ulioandika kwenye makubaliano unakutana na kijito mara mbili. Alirudia ili niandike vizuri.

"Mara mbili, dada. Hapa, na pale."

Alinyoosha kidole kwenye ukingo ulio karibu nasi, kisha mbele zaidi, kule ambako maji yanapinda kama upinde na kurudi tena kwenye mstari. Katikati ya nukta hizo mbili kuna ule ulimi wa ardhi nyeusi ambao haukauki hata mwezi wa kumi. Alisema kijiji kinapimwa chote kwa ajili ya hati za kimila, kwamba yeye hachagui mpaka wa mtu, na kwamba karatasi ya wenye shamba ndiyo anayoifuata. "Sasa karatasi yenu imenipa majibu mawili. Bikoni ya mpaka naiweka wapi?"

Kaka Deo alijibu kabla sijafunga kalamu. "Pale mbali."

Nakuandikia wazi, mahali ambapo wengine watasoma, kwa sababu wanafunzi wako ni wengi kuliko watoto wako, na kila mmoja ana daftari lenye wino wako mwekundu. Wao wataelewa haraka kilichonifanya nicheke pale shambani, mbele ya mpima ardhi na mtendaji wa kijiji, nikashindwa kueleza.

Utakumbuka ulivyokuwa unasahihisha. Mezani pale jikoni, sweta mbili mwilini, chai ya tangawizi imepoa. Swali lilikuwa lilelile kila mwaka: mkunjo wa y sawa na x mara x, na mstari wa y sawa na x jumlisha mbili, vinakutana wapi? Mwanafunzi anafanya kazi safi, analinganisha, anahamisha, anatafuta vigawo, anapata x ni mbili, anapiga mstari chini ya jibu kwa rula, anatulia. Wewe ulikuwa humwekei kosa. Ulikuwa unaandika maneno mawili tu pembeni: "Na mwenzake?"

Mwenzake alikuwa hasi moja. Siku zote alikuwepo. Ulikuwa unamkata mtoto nusu alama kwa kumwacha, na hakuna aliyewahi kukushawishi uirudishe. Mkuu wa shule alijaribu mara moja kwa ajili ya mtoto wa ndugu yake. Ulimwambia, "Mwalimu mkuu, mstari umepita sehemu mbili. Mimi nikisema umepita moja, nitakuwa nimemficha mmoja."

Sasa ninayo karatasi yako mwenyewe hapa mbele yangu. Mwandiko wako, sahihi yako, dole gumba la jirani yetu Mzee Kasiano, sahihi ya mwenyekiti wa kitongoji wa wakati huo. Inasema mpaka unaanzia kwenye mwamba mkubwa, unaelekea kwenye mkaratusi ulio nyuma ya kanisa, "hadi mstari unapokutana na kijito, kisha mpaka unafuata maji." Basi. Hukuandika kama ni nukta ya kwanza au ya pili. Wote watatu mlioweka alama zenu pale mmeshazikwa. Mkono wangu ulienda kutafuta kalamu nyekundu. Sikuandika kitu, kwa sababu hati haichorwi. Lakini Mama, na mwenzake?

Nieleze kilichopo, kama ulivyotaka nieleze kila swali kabla ya kuligusa. Mpaka ukikoma kwenye nukta ya kwanza na kufuata maji, kijito kinatenga ule ulimi na kuubakiza upande wa Mzee Kasiano. Ukivuka hadi nukta ya pili, ulimi unakuwa wetu. Nimeupima kwa hatua zangu: tisini na nne kwenye mstari, thelathini na moja mahali penye upana zaidi. Watoto wa Mzee Kasiano wamepanda kabichi na vitunguu pale tangu nipate akili. Deo anasema uliwaazima.

Usimkasirikie Deo. Alirudi kutoka Mbeya mwaka ule ulipoanza kuumwa, ofisi yao ilipofungwa, na ndiye aliyekubeba mgongoni kutoka kitandani hadi kwenye gari. Mimi nilikuwa Dodoma naandika habari za watu wengine. Sasa analima. Huko juu mahindi yake yanategemea mvua. Akiupata ulimi ule atakuwa na mboga kiangazi chote na ada ya mjukuu wako, Yustina wetu mdogo, itapatikana bila kuuza ng'ombe. Ni msimamizi wa mirathi, sahihi inayohitajika ni yake. Na hatetei uongo. Mlinganyo unamkubalia.

Tatizo ni kwamba mimi nilikuwepo.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Ilikuwa Jumamosi, mwisho wa masika, majani ya shambani yananifika kiunoni. Ulinipa vigingi mimi na Melania, binti wa Mzee Kasiano, niliyesoma naye darasa moja. Ulitufundisha kunyoosha mstari bila kamba: mmoja anachimbia kigingi, wa nyuma anafumba jicho moja, na kigingi cha katikati kikikificha cha mbele, mmenyooka. Tulishuka hivyo kutoka kwenye mwamba, wewe na Mzee Kasiano mkifuata nyuma mkizungumza Kifipa mambo ya ulezi. Melania alikuwa akinipigia kelele kila hatua. "Kushoto! Kushoto kwako, siyo kwangu! Wewe una jicho la mbuzi?"

Tulipofika majini ulisema, "Tosha."

Melania alikuwa ameshapandisha gauni ili avuke. Akasema, "Mwalimu, mbele kuna maji mengine."

Ukasema, "Nayaona. Hayo ni ya baba yako kuyahangaikia."

Mzee Kasiano akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Tukachimbia kigingi palepale, ukingo wa kwanza, tukarudi kula viazi.

Nafikiri najua ulivyokosea. Uliandika karatasi ile jioni hiyohiyo, miguu bado ina tope. Ulikuwa umetoka kwenye mwamba, umeshuka, umefika majini, umesimama. Hapo ndipo mstari ulipokutana na kijito, kwa sababu hapo ndipo wewe ulipokutana nacho. Jibu ulikuwa nalo miguuni, ukaona swali halina haja ya kuandikwa lote. Wanafunzi wako walifanya hivyohivyo na ukawakata nusu alama.

Kigingi kilioza, bila shaka. Nimetafuta. Kingo pale ni za mawe, kwa hiyo kijito hakijahama. Hilo mpima ardhi amelithibitisha. Lakini cha kumwonyesha hakuna. Kilichobaki ni kichwa changu, na katika kazi yangu kichwa kimoja hakitoshi kuandika hata habari ya kuku aliyeibwa.

Jumanne nilipanda gari hadi Sumbawanga mjini, nikamfuata Melania dukani kwake Majengo. Anauza ndoo, majagi, na buti za mvua, zimepangwa kwa saizi mpaka dari. Amenenepa, na sauti ni ileile.

"Karibu mtangazaji!"

"Mimi ni wa gazeti, Melania."

"Si ni kutangaza tu. Kaa hapo kwenye ndoo."

Sikumwambia nakumbuka nini. Nilimuuliza kama ninavyomuuliza yeyote: siku ya vigingi unaikumbuka? Ulikuwa umevaa nini? Tulianzia wapi? Tuliishia wapi? Alijibu huku akimhesabia mteja chenji. Gauni la njano, alisema, na ulimgombeza kwa kulipandisha mbele ya wazee. Tuliishia kwenye maji ya kwanza.

"Na Mama alisema nini?"

"Alisema, 'Hayo mengine mwachie baba yako na kabichi zake.'"

Ona, Mama: maneno si yaleyale. Mimi nina "kuyahangaikia", yeye ana "kabichi". Mmoja wetu amepamba, huenda wote wawili. Ila mahali ni palepale, na kicheko ni kilekile, na kofia ameitaja bila mimi kuitaja. Nilimwambia pia lililo wazi, kwamba yeye ana faida katika jibu hilo. Alifunga droo ya pesa.

"Na wewe una hasara," alisema. "Basi tumetoshana."

Nilirudi kijijini mchana nikijua nitakachosema mbele ya kamati ya ardhi ya kijiji, na kwamba sharti Deo akisikie kwanza kutoka kwangu. Njiani watu walikuwa mashambani wakiinua ntumba. Msimu ni huu. Wanakusanya majani, wanayafunika kwa udongo, yanabaki matuta ya duara yaliyopangana mpaka mwisho wa macho. Huwezi kupita pale bila kusikia sauti yako.

Nilikuwa kidato cha tatu, Deo kidato cha nne, na sote wawili tulikuwa tumekuangusha katika somo lako. Darasani ulifundisha kwa Kiingereza kwa sababu ndiyo sheria. Shambani ulifundisha kwa lugha tunayoota nayo. Tulikuwa tumemaliza kuinua ntumba, migongo inauma, na badala ya kutuachia tupumzike ukachukua kamba ya mbuzi. Deo upande mmoja, mimi upande mwingine, ule wa kanisa.

"Pitisheni katikati ya hilo. Inakata kingo mara ngapi?"

"Mbili," nikasema.

"Sogeeni pembeni taratibu. Deo, taratibu, huchungi ng'ombe. Sasa?"

"Bado mbili. Zinakaribiana."

"Endeleeni."

Tukasogea mpaka kamba ikagusa ubavu wa tuta tu, ikabaki hapo bila kuukata.

"Moja," alisema Deo, kwa mshangao wa kweli.

"Siyo kwamba mmoja amepotea. Wawili wamesogeleana mpaka wamekuwa mahali pamoja. Endeleeni."

Kamba ikabaki hewani. Hakuna. Ndipo ukachuchumaa, ukaandika kwa kijiti kanuni ile ndefu, ukazungushia sehemu iliyo chini ya kipeuo. Ikiwa zaidi ya sifuri, wanakutana mara mbili. Ikiwa sifuri, wanagusana. Ikiwa chini ya sifuri, usiwatafute, hawajawahi kuonana. Na kwa nini tunalinganisha y na y? Kwa sababu, ulisema, watu wawili wakikutana wanakuwa wamesimama mahali pamoja. Hawawezi kuwa na anwani mbili.

Deo akauliza, "Mama, sasa maharage yanataka hesabu za nini?"

"Maharage hayataki. Wewe ndiye unayetaka cheti."

Mimi nilishika kamba nikaelewa. Deo alishika kamba ileile, na matokeo yalipotoka alikuwa amepata sifuri ya pili mfululizo. Siku hiyo alilala kwa shangazi. Nadhani hadi leo anaamini kwamba mimi na wewe tulikuwa tunazungumza lugha ambayo yeye hakufundishwa. Hilo nilikuwa silijui mpaka jana.

Nilimkuta jikoni saa kumi na moja jioni, anapukuchua mahindi. Nilimwambia yote: vigingi, "tosha", Melania, kabichi, tofauti ya maneno. Nilimsomea kutoka kwenye daftari langu, ili asiseme nimeongeza.

Aliendelea kupukuchua. "Ulikuwa na miaka kumi na moja."

"Ndiyo."

"Na mbele ya kamati utasema hivyo? Dhidi ya kaka yako?"

"Nitasema nilichoona. Nitasema pia kwamba karatasi haikutaja nukta. Vyote viwili."

"Karatasi ni ya Mama. Hesabu ni za Mama. Zimetoa majibu mawili, yote sahihi. Wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa unapata mia. Nionyeshe kosa."

Hakuna kosa, nikamwambia. Nikamkumbusha lile swali la shamba la mstatili, ambalo upana wake ulikuwa unatoka kumi na mbili au hasi kumi na tano. Jibu la hasi kumi na tano hukuwahi kulikata kwa wino mwekundu. Ulikuwa unasema mlinganyo hauna macho, haujui unapima kitu gani. Umeshamaliza kazi yake, sasa rudi kwenye swali uone lilikuwa linauliza nini. Hakuna mtu aliyelima shamba la upana hasi kumi na tano. Na hakuna mtu, nikamwambia Deo, aliyetoka kwenye mwamba Jumamosi ile akavuka maji.

"Hilo la kurudi kwenye swali hakunifundisha mimi," alisema.

"Alitufundisha wote."

"Alikufundisha wewe. Mimi alinisahihisha."

Mama, nimeandika habari miaka ishirini na sijawahi kukosa swali la kuuliza baada ya jibu. Jana nilikosa. Nilivuta kigoda, nikaanza kupukuchua naye. Tulimaliza magunzi kumi hivi. Kisha alisema, kana kwamba anazungumza na mahindi, kwamba wiki zako za mwisho ulikuwa unamwita umsomeshe. Kila asubuhi, akishakunywesha uji, ulikuwa unachora kwa kidole kwenye shuka: mkunjo, mstari. Unamuuliza mara ngapi. Yeye anasema mbili, ili ufurahi. Siku moja alichoka akasema moja. Ukamwambia, "Umeona mwenyewe, au umekisia?" Akasema amekisia. Ukamwambia, "Basi leo umesema ukweli. Nusu alama."

"Nusu alama pekee niliyowahi kupewa bila kuiba," alisema Deo.

Tukacheka wote. Nilijua kwamba bado ningesimama mbele ya kamati, akitaka au asitake, na yeye alijua.

Leo asubuhi nimetoka nje kunawa uso, baridi inakata masikio, nikamkuta uani na panga, anachonga tawi la mkaratusi. Kigingi kizuri, kimenyooka, amekichoma ncha kisioze. Nilitafuta cha pili. Hakikuwepo.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Nimempigia Melania. Nimemwambia aje ashike mstari, yeye ndiye mwenye jicho."

"Na kigingi ni cha nukta ipi?"

Alikipuliza vumbi, akakisimamisha, akafumba jicho moja kukitazama. "Cha karibu. Cha mbali kinataka mtu avuke maji, na mimi sina buti."

"Melania ana duka zima la buti."

"Nimesema sina buti, mwandishi. Andika hivyohivyo."

Nimeandika hivyohivyo.

Kuhusu mboga, amemuuliza Melania kama watamkodishia nusu ya ulimi kiangazi hiki. Melania amejibu kwamba suala la kukodi lazima wazungumze na mama yake, lakini kwamba atamletea jozi moja, saizi tisa, na atalipa kama mteja yeyote. Deo amesema saizi yake ni kumi. Naona hapo kuna mazungumzo marefu ambayo hayanihusu.

Mimi nina jambo moja la kuongeza, Mama, kisha nikuache. Kwa miaka mingi nimeamini kwamba kazi yangu nimeipata kwa kukimbia yako. Ulitaka mwalimu wa hesabu, ukapata mtu anayeuliza viongozi maswali na kuandika wanachojibu. Jumatatu, nikiwa nimeshika karatasi yako yenye kosa lako, niliona kwamba ninachofanya kila siku ni kile ulichokuwa unaandika pembeni ya madaftari. Mtu ananipa jibu moja safi, limepigwa mstari kwa rula. Namuuliza mwenzake yuko wapi. Nakukosa zaidi ninapouliza hivyo kuliko ninapopita kaburini kwako, ambako, usijali, Deo amepalilia vizuri.

Karatasi yako haijafutwa neno. Tumekubaliana na mtendaji kwamba itaongezwa ukurasa mmoja, utakaosema "nukta ya kwanza kutoka kwenye mwamba", nami na Melania tutatia sahihi kama mashahidi, na Deo kama msimamizi wa mirathi. Nusu alama yako utakuwa umeirudisha, ingawa kwa mkono wa yule uliyekuwa unamkata zote.

Mpima ardhi anarudi Ijumaa, saa tatu asubuhi. Tunaanzia kwenye mwamba. Melania atakuwa nyuma akifumba jicho, mimi katikati, na Deo mbele na kigingi, anashuka hadi atakapoambiwa tosha.

Mtoto wako wa pili,
aliyeshika kamba upande wa kanisa